Choo cha Kila Mutu

(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto)

Wenye watoto wachanga wasogee kwenye kivuli, na mama yule mwenye mimba kubwa apewe kiti. Mbele ya kuanza kupima watoto, tuzungumuze kidogo.

Hapa tumekwisha kuongea mara mingi juu ya choo. Munajua maneno yake: chimbeni shimo refu, wekeni kifuniko, nawisheni watoto mikono. Wengi wenu mumefanya kazi hiyo vizuri, na tunawashukuru. Basi leo hatutauliza kama uko na choo. Tuko na ulizo lingine: Katika kiwanja chako, nani hawezi kuingia ndani ya choo kile?

Usijibu upesi. Fikiri watu wote wanaolala kwako, mumoja mumoja. Kuko mama muzee mwenye kuumwa magoti. Akichutama, hawezi kuinuka tena. Kuko mutoto mwenye miguu iliyokauka kwa sababu ya polio, anatambaa na mikono. Kuko kijana aliyekatwa muguu kwa sababu ya risasi ao ajali ya pikipiki. Kuko kipofu. Kuko mwenye kifafa. Kuko mutoto yule aliyekawia kulia siku ya kuzaliwa. Leo ana miaka sita lakini shingo na mugongo havijakaza. Kama kwako hawako, wako kwa jirani. Na wahenga walisema: Hujafa, hujaumbika. Leo unatembea, ya kesho huijui.

1. MUTU ASIYEFIKIA CHOO ANAFANYA NINI?

Tumbo na kibofu haviulizi kama mutu ana miguu. Kila mutu akiamuka asubui ana haja. Yule asiyeweza kuingia chooni anatafuta njia ingine, na kila njia ina ugonjwa wake.

Njia ya kwanza ni kujinyima. Anakataa maji, anakula kidogo tu. Ukimuuliza, "Juu ya nini hukunywi?", anajibu, "Nikikunywa, nani atanipeleka inje?" Maji yakipunguka mwilini, mukojo unakuwa muchache, unakuwa na rangi nzito, na vijidudu vinazaa ndani ya kibofu. Mukojo unachoma, na ugonjwa unaweza kupanda mpaka kwenye figo. Mavi nayo yanakuwa magumu, na kutoka kwake ni maumivu matupu. Kama mama huyo ana mimba, ugonjwa wa mukojo unaweza kumuletea homa kali na kumuzalisha mbele ya wakati. Munaona? Mutoto bado tumboni, na shida ya choo imekwisha kumufikia.

Njia ya pili ni kungoja usiku. Muchana watu wanamuona, anapata haya. Basi anavumilia mpaka giza liingie, kisha anajikokota porini ao nyuma ya migomba. Kule kuko nyoka, kuko mashimo, na kuko watu wabaya. Kwetu huku, fasi vita vilipita, hatuna lazima ya kueleza sana. Mama mwenye akili amesikia. Mwanamuke asiyeweza kukimbia anajua hatari hiyo kuliko sisi wote. Na mara mingi anasindikizwa na binti mudogo, kwa hiyo hatari ni ya watu wawili.

Njia ya tatu ni kutambaa na kuingia chooni vilevile, choo kikiwa kichafu na chenye maji maji. Wewe unaingia na viatu. Yeye anaingia na mikono na magoti. Mikono ile ndiyo miguu yake, na ni mikono ileile anayotumia kwa kula bugali. Hapo kuhara kunamupata, kolera inamupata ikiwa inatembea mujini, na minyoo pia. Tena kuko minyoo yenye kupenya kwa ngozi, haingoji kumezwa.

Njia ya ine ni kufanya haja pale alipo: nyuma ya jiko, ao juu ya mukeka. Ngozi inayolala juu ya mukojo inachubuka na kutoa vidonda, na vidonda vya namna hiyo ni vigumu kupona. Na inzi hazichagui. Inzi iliyotoka kwenye mavi ya mama muzee inakwenda kutua juu ya uji wa mutoto wako, huyu huyu unayemuleta leo kwenye mizani. Kisha unatuuliza, "Muganga, sababu gani mutoto anahara kila mwezi, na sisi tuko na choo kizuri?" Sababu ni hii: kama watu tisa wanatumia choo na wa kumi anabaki inje, kuhara hakujatoka kiwanjani.

Kwa hiyo, mama, musiwaze kama mafundisho haya ni ya huruma tu. Huruma ni nzuri. Lakini leo tunaongea juu ya afya ya watu wote wa nyumba.

2. GOMA NA JIWE LA VOLKANO

Mwezi wa saba mwaka 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka mupaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Kule, chini ni jiwe la volkano. Jembe haliingii, na hata sururu inaruka. Kuchimba vyoo vya kutosha kwa upesi haikuwezekana. Watu walijisaidia fasi zote, na maji ya kunywa yalichafuka. Kolera ikaingia, nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza peke yake, karibu watu 50,000 walikufa. Hayo ndiyo yanayotokea watu wakikosa fasi ya kwenda.

Shida ya kuchimba ingali huko. Ndiyo maana katika jiwe lile vyoo vingine vinajengwa juu, shimo lake likizungushiwa ukuta wa mawe, na mutu anapanda ngazi mbili, tatu, ine mbele ya kufika mulangoni. Vile vile inafanyika fasi maji iko karibu na uso wa udongo, kando ya ziwa na kwenye bonde. Choo cha namna hiyo kinakinga maji, ni kazi nzuri. Lakini mwenye kutambaa na mwenye kiti cha magurudumu wanaishia chini ya ngazi, wakitazama mulango.

Dawa yake ni kujenga njia ya kupanda polepole, bila ngazi. Hesabu yake ni hii: kila santimetre 10 za urefu wa kwenda juu, njia inyooshwe santimetre 120 chini. Kama sakafu ya choo iko juu kwa santimetre 50, njia itakuwa ya metre 6. Fasi ikiwa ndogo, njia ikunjwe: ipande kidogo, ifike pa kupumuzika palipo sawa, kisha igeuke na kupanda tena. Mawe na udongo uliopondwa vizuri vinatosha, na juu yake sementi kidogo kama mumepata. Musiilainishe sana, kusudi mvua ikinyesha mutu asiteleze. Kandokando pangeni mawe, gurudumu lisitoke njiani.

3. KUTENGENEZA CHOO CHA NYUMBANI

Wengi watasema, "Sisi ni masikini, hatuna feza ya choo cha namna hiyo." Ngojeni kwanza. Sehemu kubwa ya kazi hii inataka miti, kamba, mawe na akili. Hivyo munavyo.

Anza kwa kumuuliza mwenyewe. Yeye anajua mwili wake: mukono gani una nguvu, upande gani anaangukia, nini inamutisha. Usipime choo chake kwa miguu yako. Muende naye mpaka pale, mwangalie anafanya namna gani, kisha museme pamoja nini ya kubadilisha. Hata mutoto wa miaka saba anaweza kuonyesha.

Njia. Ondoeni mawe, magogo na mashimo. Kama ni kiti cha magurudumu, njia iwe na upana wa santimetre 90 ao zaidi. Kwa kipofu, fungeni kamba kutoka mulango wa nyumba mpaka mulango wa choo, ikae kwenye usawa wa mukono, na kila siku muangalie kama haikukatika. Choo kisiwe mbali na nyumba, zaidi kwa mwenye kutembea kwa taabu. Metre 6 mpaka 10 inafaa. Lakini kikae mbali na kisima ao chemchemi, metre 30 ao zaidi, tena upande wa chini.

Mulango. Uwe na upana wa santimetre 80 ao zaidi. Kwa kupima, twaeni kamba, ipitisheni kutoka gurudumu moja mpaka lingine, kisha ongezeni ngumi moja kila upande, kusudi vidole vyake visikwaruzwe. Mulango ufunguke kuelekea inje. Sababu gani? Mutu akianguka ndani na mwili wake kuziba mulango, munaweza kumutoa. Kifungio kiwe chini, fasi mutu aliyekaa anaweza kufikia. Kwa mwenye kifafa, kiwe kifungio chenye kufunguka hata kutoka inje. Kwa kiziwi, tundikeni kitambaa mulangoni: kikiwa inje, mutu yuko ndani, maana yeye hasikii mukipiga hodi.

Ndani. Kiti cha magurudumu kikihitaji kuzunguka, fasi iwe ya metre moja na nusu kila upande. Kwa mwenye kutambaa ao mwenye fimbo, hata ndogo kuliko hiyo inatosha. Sakafu iwe ya kusafishika, iteremuke kidogo kuelekea kwenye tundu, isishike maji. Tundu lisipite upana wa santimetre 25, kusudi mutoto asiogope kuanguka.

Muti wa kushikilia. Hii ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Chimbieni miti miwili yenye nguvu, mumoja kila upande wa tundu, kisha fungeni muti wa kulala juu yake kwa urefu wa santimetre 70 mpaka 80. Mama muzee atashika, atakaa, atainuka mwenyewe. Mwenye mimba ya miezi minane naye atashukuru, na yule aliyepasuliwa tumbo vilevile. Lakini, wamama, mukimaliza kuufunga, muutikise kwa nguvu zote za baba wa nyumba. Muti wenye kuchezacheza ni hatari kuliko kukosa muti.

Kiti juu ya tundu. Seremala atengeneze kiti bila mugongo, chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo. Wengine wakitaka kuchutama, wanakiondoa na kukiweka pembeni. Urefu wake uwe sawa na kiti cha magurudumu, karibu santimetre 45 mpaka 50, kusudi mwenyewe ajisogeze kutoka kimoja kwenda kingine. Mbao zilainishwe sana. Kuko watu wasiosikia maumivu upande wa chini, kwa sababu mugongo uliumia. Kibanzi kidogo tu kinawatoboa bila wao kujua, na kidonda kinaoza.

Maji ya kunawa. Wengi wenu mumetundika bidoni ndogo, ile inamwanga maji mukikanyaga muti na muguu. Ni nzuri kwa mwenye miguu. Kwa mwenye kutambaa, tundikeni ingine chini zaidi, na kamba ya kuvuta na mukono. Sabuni iwe pale, ao majivu. Yeye ananawa mikono mara mbili: akitoka chooni, na tena akifika kwenye chakula, kwa sababu njiani alitembea na mikono ileile.

4. KAMA HAWEZI KUFIKA KABISA

Kuko wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Kwa hao tengenezeni kiti chenye tundu, na ndoo yenye kifuniko chini yake. Kiti kiwe na mugongo na fasi ya kuweka mikono. Kiwekeni kwenye kona ya chumba, na pazia mbele yake, maana mugonjwa naye ana haya yake. Wekeni majivu kidogo ndani ya ndoo mbele na nyuma ya haja. Akimaliza, mumwange ndani ya choo mara moja, muoshe ndoo, muianike kwenye jua, na munawe mikono kwa sabuni. Ndoo hiyo ni ya kazi hiyo tu. Isitumiwe siku ingine kwa kuteka maji.

Kwa mutoto mwenye mwili usiokaza, kiti kidogo cha namna hiyo kinafaa sana. Kiwe na mugongo murefu, na kitambaa kipana cha kumufunga kifuani bila kumukaza, na miguu yake ikanyage chini. Mukalishe kila siku kwa saa ileile, nyuma ya kula asubui, kwa dakika chache. Usimupige akikosa. Akifanya, umusifu. Kidogo kidogo mwili unazoea, hata kwa mutoto ambaye watu walisema hatajua kitu. Na mavi ya mutoto, awe mwenye kilema ao hapana, yatupwe chooni. Mavi ya mutoto yana vijidudu sawa na ya mutu mukubwa.

5. "TUNAMUBEBA TU"

Mama mumoja anaweza kusema, "Mimi sina shida; mutoto wangu tunamubeba tu." Asante, mama. Ni upendo. Lakini tufikiri miaka inayokuja. Mutoto wa miaka mitano ni mwepesi. Akiwa wa miaka 13, nani atamubeba? Mugongo wako utauma, na siku ukiwa sokoni atangoja mpaka saa ngapi? Tena, kama ni binti, siku zake za mwezi zitaanza. Atabebwa na kaka yake chooni katika siku zile? Atabadilisha kitambaa mbele ya nani? Wabinti wengine wanaacha shule kwa sababu hii tu, na baba anafikiri amechoka kusoma.

Mutu kwenda chooni peke yake, kufunga mulango, kumaliza, kunawa na kutoka, ni heshima. Wewe na mimi tunaipata kila siku bila kufikiri. Kuko watu wazima ambao kwa miaka yote hawajafunga mulango hata mara moja.

Na tuseme wazi: kilema hakitoki kwa ulozi wa mutoto, wala si azabu. Polio inaletwa na kijidudu chenye kupita kwa mavi na kuingia kwa kinywa. Ndiyo maana chanjo na choo ni ndugu wawili. Mulete watoto kwa chanjo kwa siku zilizoandikwa kwenye karti. Mutoto aliyekwisha kupata kilema hakufanya kosa lolote, na mama yake naye hakufanya. Musimufiche ndani.

6. CHOO CHA SOKO, CHA SHULE NA CHA MATERNITI

Mutu hakai nyumbani siku zote. Kwa miaka mingi, pale mupaka wa Goma na Gisenyi, watu wenye kilema wamevusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakilisha jamaa zao. Wengine wanauza sokoni, wengine ni mafundi wa viatu na cherehani. Mutu anayeshinda sokoni tangu asubui mpaka jioni atajisaidia wapi? Choo cha soko kikiwa na mulango mwembamba na ngazi, yeye atalala njaa na kiu akiwa katikati ya chakula.

Kwa hiyo, fasi watu wengi wanakusanyika, kila upande, wa wanawake na wa wanaume, kuwe na chumba kimoja kipana, chenye njia isiyo na ngazi, mulango wa santimetre 90, miti ao vyuma vya kushikilia, na kiti. Chumba hicho kisifanywe duka la mifagio na mifuko ya sementi. Kisifungwe na kufuli ambalo ufunguo wake unakaa kwa mutu aliyesafiri. Kioshwe kila siku, maana wenye kukitumia wanagusa sakafu na mikono. Na wale wazima wasikichafue kwa sababu ni kipana na kizuri. Wenye mimba, wazee, na mama mwenye mutoto mugongoni wanaweza kukitumia. Lakini mwenye kilema akifika, apishwe.

Zaidi ya fasi zote, tunafikiri materniti. Mama mwenye kilema anabeba mimba na kuzaa kama wengine. Lakini kama polio ao ajali iligeuza mifupa ya nyonga yake, njia ya mutoto inaweza kuwa nyembamba. Huyo lazima azalie hospitali, fasi kuko muganga wa kupasua. Sasa, akijua kama pale hospitali hakuna choo anachoweza kuingia, atasema nini? Atasema, "Nitazalia nyumbani." Na uchungu ukikwama, tunaweza kumupoteza yeye na mutoto pamoja. Choo kidogo cha pembeni kinaweza kuamua kama mama atakuja kuzaa kwetu ao hatakuja. Ndiyo maana tunasema mutuambie. Mukiona fasi hapa panapowashinda, mumuambie mama wa materniti ao muganga.

Na mujue kama hii siyo kuomba musaada tu. Ni haki. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye kilema wako na haki ya kukingwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye kilema, yaliyokubaliwa mwaka 2006. Tena tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ilitoka sheria ya inchi ya kulinda na kukuza haki zao. Sheria peke yake haichimbi shimo. Lakini mukisimama mbele ya mukubwa wa soko ao wa shule, hamusimami na mikono mitupu.

7. KAZI TUNAYOPANA LEO

Mukirudi nyumbani, fanyeni mambo matano.

Kwanza, muhesabu watu wa kiwanja, na kumutafuta yule asiyeingia chooni.

Pili, mumuulize mwenyewe, bila kumuchekelea wala kumulilia.

Tatu, juma hili mufanye jambo moja lisilotaka feza: kuondoa mawe njiani, kufunga kamba, kuweka muti wa kushikilia, kushusha bidoni ya kunawa.

Ine, muongee na baba wa nyumba juu ya jambo moja lenye kutaka feza kidogo, kama kiti cha seremala ao kupanua mulango. Na kama munajenga choo kipya, mukipanue tangu mwanzo. Kupanua shimo na ukuta vilivyokwisha kujengwa ni kazi mara mbili.

Tano, muzungumuze na komite ya afya ya kwenu, ile inaitwa CODESA, juu ya choo cha shule na cha soko. Musiende mumoja mumoja. Muende wamama watano, sita, na mama mwenye kilema awe katikati yenu, aongee yeye mwenyewe.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mutu asiyeweza kuingia chooni anatumia njia gani ine? Kila njia inaleta ugonjwa gani?

2. Juu ya nini mulango wa choo unafaa kufunguka kuelekea inje?

3. Sakafu ya choo iko juu kwa santimetre 30. Njia ya kupanda bila ngazi itakuwa na urefu gani? (Jibu: santimetre 360, ni kusema metre tatu na nusu na kidogo.)

4. Sababu gani mama mwenye kilema cha nyonga azalie hospitali? Nini inaweza kumuzuia?

5. Kwenu, nani habado kufunga mulango wa choo yeye mwenyewe? Utafanya nini juma hili?

Sasa mutoe makarti, wenye watoto wa mwezi wa kwanza watangulie kwenye mizani. Na kama kuko mama anayetaka kutuambia jambo la kwake kwa siri, abaki nyuma ya kupima; tutakaa naye.